Hodi kwa Bi Mwanakhamis

Siku za kwenda shamba, Salhiya alipita kwanza Mlandege kununua halua. Haikuwa ya kula yeye. Ilikuwa ya kwenda nayo nyumba za watu, kikapu kimoja cha ukili kwa kila nyumba, kwa sababu huwezi kwenda kwa mtu mikono mitupu kisha ukamwomba akuruhusu ukate njia katikati ya mihogo yake. Muuza halua alishamzoea na hakumuuliza tena nani anaolewa.

Mkobani mwake mlikuwa na fomu, kalamu, na chombo kidogo cha rangi ya chungwa, ukubwa wa ngumi, chenye mwiba wa chuma chini yake. Chombo hicho kikichomekwa ardhini husikia mtetemo unaorudi kutoka kwenye miamba. Kina jina refu la kitaalamu, lakini vijana wa kazi walikiita sikio, na Salhiya naye aliwaambia wenye mashamba kuwa ni sikio, wakakielewa mara moja. Wazee wengine walikisalimia.

Kampuni iliyomwajiri ilikodi ghorofa ya juu ya jumba moja la zamani huko Shangani, lenye ngazi za mbao zinazolalamika kila ukizikanyaga. Ilikuwa imepewa kazi ya kusikiliza kilichomo chini ya kisiwa, pengine gesi, pengine maji, pengine mawe matupu. Mistari ilichorwa kwenye ramani, imenyooka kutoka pwani hii hadi pwani ile. Kila ulipopita mstari yangechomekwa masikio, kisha gari zito lingepita likiitetemesha ardhi. Lakini kabla ya yote hayo ilibidi mtu atangulie akaombe, na mtu huyo alikuwa Salhiya.

Aliipenda kazi hiyo na aliiweza. Alikaa mkekani, akala alichopewa, akaulizwa yeye wa ukoo gani na mamake katokea wapi, mpaka akapatikana jamaa mmoja wanayemjua wote wawili, hata kama ni marehemu. Hapo ndipo alipolitoa neno lake: "Sisi tunapita tu. Tunachomeka, tunachomoa, tunakwenda zetu. Kitakachovunjika tutakilipa." Wengi walikubali. Waliokataa walimfungia mihogo ya kwenda nayo mjini, na mstari ukapindishwa kidogo.

Tatizo lilikuwa fomu. Fomu ilikuwa na nafasi moja tu, Mwenye Shamba, kwa sababu ilitungwa huko ambako shamba moja lina mwenyewe mmoja. Hapa Unguja mambo hayako hivyo. Hati inaweza kuwa ya huyu, minazi ya yule, na ule mshelisheli wa mpakani ukawa wa bibi mmoja aliyeolewa Makunduchi zamani, ambaye huja kila msimu kuchuma chake na hakuna anayemuuliza. Salhiya alilijua hilo tangu utoto. Lakini nafasi ilikuwa moja na mstari ulikuwa mrefu, kwa hiyo alipolifikia shamba moja la kijijini Kidikwani, lililo kati ya mihogo ya Ayoub na minazi ya Borafya, alitazama jina lililo kwenye hati, akashika njia ya Mwanakwerekwe.

Mwenye hati aliitwa Masoud, na aliuza ndoo na mabeseni sokoni. Alikuwa mtu mwema, mwenye sauti ya chini. Shamba lilikuwa eka tatu alizopewa baba yao na serikali, na baba alipofariki, familia iliona hati iandikwe jina la mtoto wa kiume ili kupunguza usumbufu. Dada yake mkubwa, Bi Mwanakhamis, alibaki shambani. Yeye ndiye aliyemuuguza baba, ndiye aliyepanda migomba na mishelisheli na kila mkarafuu uliosimama pale. Masoud alimpelekea sukari na mchele kila mwezi bila kukosa.

"Dada tumwambie?" Salhiya aliuliza.

"Yule mtu mzima sasa," Masoud alisema. "Mambo ya makaratasi sitaki kumsumbua nayo."

Alilisema kwa mapenzi, hilo Salhiya aliliona. Masoud akaigeuza ndoo kifudifudi, akaiweka fomu juu ya kitako chake, akatia saini. Salhiya alimpa kikapu cha halua na akaenda zake.

Wiki iliyofuata alikuwa ofisini anakula mkate wa kumimina alipopigiwa simu na Haitham, msimamizi wa wapimaji.

"Salhiya, lile shamba la Masoud halipo."

"Mmepotea njia?"

"Hatujapotea. Tupo mpakani kwa Ayoub. Mihogo ya Ayoub ikimalizika inaanza minazi ya Borafya. Baina yao pana mfereji tu, hata mtoto anauruka. Tepu inanipungukia mita mia moja na kitu."

"Picha ya satelaiti inasemaje?"

"Ya mwezi jana shamba limo. Ya leo asubuhi halimo. Nifanye nini, nivuke mfereji niendelee?"

Salhiya alimwambia asivuke. Alifunga mkate wake kwenye gazeti, akachukua kikapu cha halua kilichobaki, na kuteremka ngazi.

Alipofika Kidikwani, wapimaji walikuwa wamekaa kivulini wanakunywa chai waliyoletewa na mke wa Ayoub. Sheha, mkuu wa kijiji, naye alikuwapo na kikombe chake. Salhiya alimwamkia, akauangalia mfereji. Ulikuwa mfereji wa kawaida, una majani na chupa moja ya maji imetupwa. Ng'ambo yake ulisimama mnazi wa kwanza wa Borafya. Kuku mmoja alitokea pasipokuwa na kitu, akadonoa, akarudi alikotoka.

"Limekunjwa," Sheha alisema. "Mwaka ule wa nguzo za umeme lilikunjwa vilevile, msimu mzima. Nguzo zikapitishwa kwa huku. Mlipoingia mlipiga hodi?"

"Tumepiga hodi kwa nani?" Haitham aliuliza. "Ruhusa ipo, kasaini Masoud."

"Masoud yuko Mwanakwerekwe," Sheha akasema, na akamwomba mke wa Ayoub amwongeze chai.

Salhiya alilisogelea lile pengo. Akavua viatu, kwa sababu hakujua kizingiti kiko wapi, akasimama ukingoni mwa mfereji na kupiga hodi. Akapiga ya pili. Kutoka mahali fulani mbele yake ilisikika mbuzi ya nazi inakuna, kruu kruu, halafu ikanyamaza. Alipopiga ya tatu, sauti ya mwanamke mtu mzima iliitika.

"Naam. Nani?"

"Mimi Salhiya, bibi. Natokea mjini."

"Karibu, mwanangu."

Shamba likakunjuka kama mkeka unaotandikwa wageni. Ilikunjuka kwanza migomba, kisha mikarafuu, kisha nyumba ya mawe yenye bati jipya upande mmoja, na mwisho kabisa kisima na kamba ya nguo. Minazi ya Borafya ilisogea kule ilikokuwa zamani. Haitham alinyanyuka kuchukua tepu yake, lakini Sheha akamshika mkono akamwambia akae kwanza, hajakaribishwa yeye.

Bi Mwanakhamis alikuwa barazani, amekaa juu ya mbuzi, nusu ya nazi mkononi. Alikuwa mwembamba, miwani yake imefungwa uzi. Salhiya alimwamkia shikamoo, naye akaitika marahaba na kumsogezea kigoda. Waliulizana hali. Walimtafuta jamaa wa kuwaunganisha wakampata, mkunga mmoja wa Bububu aliyemzalisha mama yake Salhiya na aliyewahi kulala nyumba hii siku tatu akingoja mvua ikate. Halua ilifunguliwa.

"Mimi siikatai mashine yenu," Bi Mwanakhamis alisema, akirudi kwenye nazi yake. "Isikilize itakavyo. Mie mwenyewe nna hamu ya kujua chini huko kuna nini, miaka yote hii nalima juu juu. Lakini mmekwenda kumpigia hodi Masoud sokoni. Masoud ndugu yangu, nampenda, ila hata mpaka haujui. Ukimleta hapa atakuonesha shamba la Ayoub."

"Hati ina jina lake, bibi."

"Najua. Nilikuwepo ilipoandikwa. Niliambiwa, dada, ni karatasi tu." Alikung'uta chicha. "Wamekuja wa umeme, wakamuuliza Masoud. Wamekuja wa barabara, wakamuuliza Masoud. Huo mkarafuu pale nimeupanda nna mimba ya mwanangu wa kwanza. Yeye kesha kufa, mkarafuu upo. Siku watakapokuja na jambo kubwa watamuuliza nani?"

Salhiya aliugeukia mkarafuu.

"Niandike," Bi Mwanakhamis akasema. "Hapo mlipoandika mwenye shamba, niandike na mimi. Mwanakhamis binti Usi. Sitaki jengine. Ukiniandika, waingie leo hii, na chai nitawapikia."

Salhiya aliitoa fomu. Nafasi ilikuwa moja na tayari ina jina la Masoud, lakini chini yake palikuwa na ukingo mweupe, na mwandiko wake ulikuwa mdogo. Aliandika jina kamili. Akamsomea. Bi Mwanakhamis aliivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena na kulitazama jina lake kwa muda, kisha akatia saini kwa herufi za skuli ya zamani, moja moja.

"Halitafutwa?"

"Halitafutwa, bibi," Salhiya alisema. Wakati ule alikuwa akisema kweli yake.

Bi Mwanakhamis aliinuka akasimama ukingoni mwa baraza na kupaza sauti kuelekea mpakani: "Karibuni nyote." Haitham na vijana wake wakaingia, kila mmoja akaacha viatu kwenye migomba mpaka walipoambiwa kuwa hapo bado ni shambani tu, wavae. Walichomeka masikio. Gari la kutetemesha likaja pole pole kwa njia ya nyuma, likateremsha bamba lake, ardhi ikanguruma, kuku wakakimbia, madafu mawili yakaanguka wakayanywa. Bi Mwanakhamis alikuwa barazani muda wote, akikuna nazi ya wali wa wageni. Jioni walipoondoka, hakuna hata mgomba mmoja uliovunjika, na Haitham alimbusu mkono. Salhiya alirudi mjini akiwa na furaha, tena furaha ya mtu aliyefanya jambo sawasawa.

Ofisini, fundi wa kompyuta alizisikiliza zile sauti za Kidikwani, akaona baina ya mitetemo ya miamba kuna kitu kinakwaruza, kruu kruu, kwenye masikio yote ya shamba lile. Alimuuliza Salhiya ni nini. Salhiya akamwambia ni mbuzi ya nazi. Fundi akaandika "kelele za jikoni", akabonyeza anapobonyeza, kelele zikachujwa. Yaliyobaki yalikuwa safi sana. Chini ya shamba la Bi Mwanakhamis mwamba uliinama vizuri, namna ile ya kushika gesi wanayoitafuta watu wa kazi hii, na wakubwa wakapigiana simu.

Siku hiyo hiyo mkuu wa ofisi alimwita Salhiya pamoja na Haitham. Fomu ilikuwa mezani.

"Hili jina la pili ni la nani?"

Salhiya alieleza. Alieleza kuhusu hati na miti, kuhusu mkarafuu, kuhusu mfereji. Mkuu alisikiliza kwa adabu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa mafaili. Alisema majina mawili kwenye shamba moja huhesabiwa kuwa ni mgogoro, na penye mgogoro kazi husimama, na hapa kazi imeshafanyika na imetoka vizuri. Hati ina jina moja. Fomu ifuate hati.

"Bila ya jina hili shamba lisingefunguka," Salhiya alisema.

"Nafahamu. Haitham kaniambia. Lakini si limeshafunguka?"

Salhiya alimtazama Haitham. Haitham alitazama ngumi zake. "Hata shamba la mama yangu lina jina la mjomba," alisema kwa sauti ndogo, na haikujulikana alikuwa akimwambia nani. Fomu ikapigwa chapa upya, ukingo wake mweupe, na aliyeombwa kuihakiki kuwa ni sahihi alikuwa ofisa wa mahusiano, yaani Salhiya mwenyewe. Salhiya alisema hapana. Akaambiwa basi apewe mwengine hiyo kazi, na mashamba yaliyobaki pia apewe mwengine, asiyejua kuongea na wazee. Aliwafikiria wazee waliobaki kwenye mstari. Ndivyo alivyojiambia, na halikuwa la uongo, ila halikuwa lote. Alikuwa pia akiufikiria mshahara wake. Akatia saini.

Mkutano wa wenye mashamba ulifanywa kwenye skuli ya Kidikwani baada ya sala ya adhuhuri. Kulikuwa na njia itakayokatwa kwa ajili ya mtambo wa kuchimba, na watu waliitwa waelezwe na waseme. Salhiya aliwekwa mlangoni kuhakiki majina. Ayoub aliingia, Borafya aliingia, Masoud aliingia amevaa kanzu mpya na kofia ya kiua, akapelekwa mstari wa mbele kwa sababu shamba lake ndilo lililo katikati. Alimsalimia Salhiya kwa mikono miwili.

Bi Mwanakhamis alikuja na doti mpya ya kanga, bado ina mikunjo ya dukani. Miwani yake ilikuwa imefungwa uzi mpya pia. Alisimama mbele ya meza.

"Nitazame, mwanangu. Mwanakhamis binti Usi."

Salhiya hakuitazama karatasi. Hakuwa na haja.

"Walilifuta, bibi."

"Na wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

Alitamani atukanwe. Bi Mwanakhamis alimtazama kidogo kama anayemtazama mtoto aliyeanguka lakini hakuumia sana. "Haya," akasema. Salhiya alimwambia aingie, apite tu, hakuna atakayemzuia. Bibi akajibu kuwa yeye hajazoea kuingia asikoalikwa. Alikaa nje kwenye ngazi na kusikiliza kupitia dirishani mpaka Masoud alipomaliza kusema kuwa yeye na familia yake yote wameafiki. Kisha akaikung'uta kanga yake na kuondoka. Masoud alipotoka alimuuliza Salhiya kama dada yake alikuwapo, maana aliona kama kamsikia akikohoa.

Kabla ya magharibi, mke wa Ayoub alikwenda kuanua nguo akaona mihogo yao imefika kwenye minazi ya Borafya.

Kampuni haikuona tabu. Ilichokuwa ikikitaka ilikwisha kukisikia, na ramani mpya ilipochapishwa Ayoub na Borafya walipakana, mfereji ukawa mstari mwembamba wa buluu. Njia ya mtambo ilitoka fupi zaidi kuliko ilivyokadiriwa, jambo lililosifiwa kwenye taarifa. Masoud alibaki kwenye mafaili kuwa mwenye shamba, na kila jambo lilipotokea alipigiwa simu. Alikwenda mara moja kumtazama dada yake na sukari ya mwezi, akauzungukia mfereji mpaka jua likamchosha, halafu akaiacha sukari kwa Ayoub. Alimwambia Salhiya sokoni, huku akipanga ndoo zake, kwamba pengine alikosea kitu, lakini hajui ni kipi. Salhiya alimweleza ni kipi. Masoud alitikisa kichwa taratibu na kusema hati sasa ni vigumu kuibadilisha, maana lazima waje wapime shamba.

Mashelisheli ya Bi Mwanakhamis yaliendelea kuonekana Darajani msimu ulipofika, yamepangwa juu ya gunia, na wanunuzi waliyajua kwa uzito wake. Aliyeyaleta hakuonekana.

Ijumaa moja Salhiya alichukua ruhusa kazini. Alipita Mlandege, akanunua kikapu cha halua, kikubwa kuliko vyote alivyowahi kununua, na kwenda Kidikwani peke yake. Hakuwa na mkoba wala fomu. Kwenye minazi ya Borafya vijana wa kukata njia ya mtambo walikuwa wanapigilia vigingi vyekundu, wakamsalimia, akawaitikia. Alivua viatu ukingoni mwa mfereji.

"Hodi."

Mbuzi ya nazi ilikuwa inakuna, kruu kruu, karibu kabisa, angeweza kunyoosha mkono akaigusa. Harufu ya nazi mbichi ilimfikia, na ya kuni, na ya mkarafuu uliochanua.

"Hodi, bibi. Mimi Salhiya."

Kuku aliyetokea pasipokuwa na kitu alimtazama miguu, akarudi ndani.

Salhiya alikuwa amejitayarishia maneno njia nzima, maneno ya kuomba radhi, mazuri, ya mtu aliyezoea kuongea na wazee. Alijikuta hayasemi. Aliivuta pumzi na kupiga hodi ya tatu, na ya tatu hiyo aliipiga polepole, kwa sababu baada yake hakuna nyengine.

Mbuzi ikanyamaza. Ilinyamaza kwa muda wa mtu anayesikiliza. Salhiya alisimama na kikapu chake mikononi. Halafu ikaanza tena kukuna, taratibu, bila ya haraka, na yeye akainama kuvaa viatu vyake.